Murinzi wa Uani Kwangu Hauna Maua

Jumapili ya pili ya Agosti, Keza. Asubuhi ilikuwa baridi ya kuvaa sweta, sasa ni jua na vumbi, na upepo hakuna kabisa. Moshi wa mashamba yanayochomwa upande wa Burundi umekaa juu ya vilima tangu Alhamisi na hautaki kuondoka.

Sijaenda kanisani. Nilimwambia binti yangu Neema kichwa kinaniuma. Kwa mwalimu anayewapigisha watoto wa watu magoti kwa kusema uongo, nimeianza Jumapili vizuri.

Naandika kwenye daftari kwanza, kama kawaida, kisha Jumatano nikipanda Ngara mjini nitachapa na kuweka kwenye blogu. Ukiona umeyasoma haya, ujue ujasiri haukuniishia njiani.

Mnaopita hapa mnajua ninavyojisifu kwa bustani yangu. Nimeshaandika kuhusu waridi, kuhusu yule mbuzi wa jirani aliyenimalizia waridi hizo, kuhusu maji ya kisima yanayopungua kila Agosti. Kuna mti mmoja sijawahi kuuandikia hata mstari, na ndio uliosimama katikati ya ua, mbele ya mlango, ambao kila mgeni huuona kwanza.

Ni murinzi. Kwa asiyeujua, ni mti wa gome nene lililopasukapasuka, unaokua polepole mpaka mtu anakata tamaa nao. Kiangazi hupukutisha majani yote ukabaki matawi matupu, halafu kwenye matawi hayo hutoka maua mekundu, yamesimama wima, kabla hata jani moja halijarudi. Watu wa mjini wanaupanda kwa ajili ya uzuri huo. Huku kwetu unaheshimiwa kwa sababu za zamani ambazo padre hapendi kuzisikia, na kuni zake haziingii jikoni. Hata Mama Deo, jirani yangu, ambaye hakosi misa na anajifanya haamini mambo ya kale, hawezi kuchemsha hata maji ya kunawa kwa kuni za murinzi.

Wangu una miaka kumi na moja. Haujawahi kuchanua.

Kila aliyeniuliza nimemwambia udongo wa hapa ni mbaya. Udongo hauna ubaya wowote. Ubaya ni wangu mimi na panga langu.

Ngoja niseme kwa mpangilio, kama ninavyowalazimisha wanafunzi wangu.

Desemba ile wakimbizi wa Rwanda walipoambiwa warudi kwao, Benaco na kambi za huku kwetu zilimwagika barabarani. Wengine walielekea Rusumo, mpakani, kama walivyoamriwa. Wengine walikimbilia porini upande wa Biharamulo, wakarudishwa, na mvua ikawanyeshea wote sawasawa. Vilima vilikuwa vipara, kwa sababu miti yote ilikuwa imeshakuwa kuni kwa miaka ile miwili na zaidi. Ukisimama mlangoni kwangu uliona watu wanapita mpaka macho yanachoka.

Mimi nilikuwa peke yangu. Mume wangu alikuwa ameshahamia Biharamulo kuoa mwanamke wa kumzalia, na sababu hiyo hakuificha kwa mtu yeyote. Sikuwahi kuzaa, wala kwake wala baada yake.

Asubuhi moja mama mmoja aliingia uani, mtoto mgongoni, ameegemea fimbo mbichi. Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka miwili hivi, na mwili wake ulikuwa moto wa homa. Walikaa kwangu siku moja na nusu. Tulielewana, kwa kuwa Kihangaza chetu na lugha yake haviko mbali. Hatukuulizana majina. Siku zile jina la mtu lilikuwa kitu cha kuficha, na alilonitajia ni la mtoto tu.

Alisema hajui nani amebaki kwao wala nani anamsubiri, na mtoto hataiweza njia ile na homa ile. Akaniomba nimlelee.

Kisha akachukua jembe langu, akachimba shimo katikati ya ua, akasimika fimbo yake. Nililitambua gome lake. Fimbo ya murinzi ukiichomeka ardhini wakati wa mvua huota, hilo huku kila mtu analijua. Nikampa maji kwenye kikombe cha bati. Akanywa nusu. Nusu nyingine akaimimina shinani, polepole, akiizunguka fimbo mara moja tu, bila tone hata moja kuanguka nje ya shimo.

Akaniambia hapa hapajui, amekuja na mvua na ukungu, na vilima vyetu kwake ni kimoja. Mti huu ndio atakaoutafuta. Hautachanua leo wala kesho, alisema, na yeye hatarudi leo wala kesho, lakini akiuona wekundu kutoka barabarani atajua ni hapo.

Akaondoka bila kumwamsha mtoto.

Nilimwita Neema. Niliwaambia watu ni mtoto wa marehemu dada yangu wa Biharamulo, na kwa kuwa miaka ile watoto walikuwa wanatokea kila upande, hakuna aliyeniuliza mara mbili. Yeye mwenyewe nimemwambia hivyo hivyo.

Kiangazi cha nne niliona vitumba. Vidogo, vya kahawia, vina manyoya. Wiki hiyohiyo Neema alikuwa ameniita mama mbele ya darasa zima, nikajifanya nimekasirika ili wasione ninavyofurahi. Jioni nikachukua panga nikakata kila tawi lenye kitumba.

Tangu hapo kila Juni nakata. Watu wanadhani napogoa. Kila nilipopitisha panga mti umefanya fundo, na sasa umejaa mafundo mwili mzima, yamevimba kama ngumi.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Kila mwaka, wiki ile ninayokata, Neema huugua. Homa ya siku tatu, mwili moto kama ule aliokuja nao, halafu siku ya nne anaamka na kuomba uji kana kwamba hakuna kilichotokea. Zahanati wamempima malaria mara zote, hawakuona kitu. Mimi nafundisha sayansi. Nilijiambia ni vumbi la Juni. Mwaka wa tatu nilishajua kwamba si vumbi, na bado nilikata, na mwaka uliofuata nikakata tena. Naandika hili nikiona aibu mpaka masikioni.

Sasa matawi yaliyokatwa yaende wapi? Jikoni hayaingii. Nikiyalundika uani yananitazama. Ni Mama Deo aliyeniokoa, au ndivyo nilivyodhani.

"Mwarimu, reta huku," alisema mwaka ule wa kwanza. "Uzio wangu umekwisha wote, hata mbuzi wananicheka."

Nikampa. Mwaka uliofuata nikampa jirani wa chini yake, kisha wa chini yake tena. Miti ya kujengea uzio ilikuwa adimu baada ya wakimbizi, na watu walishukuru. Kila Juni matawi ya Mwalimu yalishuka kilimani nyumba moja zaidi, mpaka yakafika barabarani. Nilijua yanaota. Ninyi mnaonisoma mtashangaa, mwalimu wa sayansi mzima, lakini nilichokuwa nakiona mimi ni kwamba uzio wa mtu mwingine si ua wangu. Mwaka jana mawili matatu yalitoa maua ya kubabaisha, nikayapuuza.

Alhamisi asubuhi nilitoka na ndoo, nikatazama chini.

Kilima chote kilikuwa chekundu. Si kilima chote, nisizidishe, ni mstari. Ulianza kule barabarani, ukapanda uzio kwa uzio, ukapinda pale kisimani, ukapanda tena, na ukaishia kwenye kona ya Mama Deo inayotazamana na geti langu. Mtu asiyejua chochote angeufuata tu kwa macho na kufika mlangoni kwangu. Majani hayakuwepo hata moja. Ndege wote wa Keza walikuwa kwenye maua hayo, wanapiga kelele, na kwenye mti wangu hakuwa ametua hata mmoja. Upepo haukuwepo, lakini maua yalikuwa yanaanguka, na kwa jinsi kulivyotulia uani kwangu nilikuwa nasikia kila moja likigusa ardhi.

Neema alikuwa ameshanitangulia nje. Alikuwa amesimama getini, ameipa nyumba mgongo, anatazama barabara.

Mwaka huu hakuugua. Juni nilikata kama kawaida, nikaandaa kitambaa na beseni la maji karibu na kitanda chake, nikasubiri homa. Haikuja. Badala yake alianza kusimama pale getini, kila asubuhi, kabla ya kwenda shule. Nilimuuliza anatazama nini.

"Sijui, mama. Napenda tu kusimama hapa."

Ijumaa alasiri, Neema akiwa kisimani, yule mama alikuja.

Nilimwona tangu akiwa chini. Alikuwa anapanda taratibu, na kila alipofika kwenye uzio aliweka kiganja juu ya murinzi, akakiacha hapo kidogo, akasogea kwenye unaofuata. Hakuruka hata mmoja. Nilidhani ni mmoja wa akina mama wa Burundi, maana kambi yao inafungwa na malori yanapita kila wiki na watu na mabati na kuku wao. Alikuwa na kitenge kilichopauka na kandambili, na nywele zake zimekuwa nyeupe pembeni. Nasema kweli, sura yake sikuikumbuka.

Akasimama getini, akaomba maji.

Nikaleta kikombe. Ni kile kile cha bati, sina kingine cha wageni wa njiani, na sikufikiri. Akanywa, akautazama mti wangu, ambao hauna jani wala ua, akaniuliza kwa lugha yake kama ni murinzi.

Nikasema hapana. Nikasema ni mti tu, wa kizungu, nililetewa kutoka Bukoba. Sijui Bukoba iliingiaje. Ulimi wangu ulikuwa unatafuta mahali pa mbali.

Hakubisha. Aliuendea, akaweka kiganja juu ya fundo moja, kisha juu ya jingine, kisha jingine. Murinzi unaujua kwa gome hata ukiwa kipofu. Halafu maji yaliyobaki akayamimina shinani, polepole, akiuzunguka mti mara moja tu, na hakuna tone lililoanguka nje.

Ndipo nikamjua.

Akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akaanza kushuka.

Sikumwita.

Neema aliingia dakika chache baadaye, ndoo kichwani. Alisema amepishana na mama mgeni, akamwamkia shikamoo, naye hakuitikia, alisimama tu pembeni ya njia na kumtazama mpaka alipopita. "Labda hajui Kiswahili," alisema. Kisha akatazama chini ya mti, udongo ulikuwa bado umelowa, akaniuliza kama nimeanza kuumwagilia tena.

Nikamwambia ndiyo.

Jana Mama Deo alikuja mapema. Kwa kawaida hukaa, huchukua kiti hata kabla hajakaribishwa. Jana alisimama. Yule mama amelala kwake, alisema, na kesho Jumatatu alfajiri anapanda lori pale barabarani kurudi Rusumo.

"Anasema alikuwa anatafuta nyumba moja yenye murinzi, akakuta mirinzi imejaa njia nzima. Nikamwambia yote hii imetoka kwa Mwarimu wetu hapo juu." Akarekebisha kanga yake ambayo haikuwa na kasoro. "Akasema anajua."

Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Nikamwambia apande tena aje mwongee. Anasema hapandi mpaka aitwe." Alipofika getini akageuka. "Mimi sijakuuliza kitu, Mwarimu. Miaka yote hii sijakuuliza kitu."

Kumbe walijua. Labda si wote, lakini yeye alijua, na huenda alijua tangu siku ya kwanza, na aliyapokea matawi yangu akijua ni ya nini.

Usiku nilijaribu kumchukia yule mama na karibu niweze. Nani aliyemfundisha Neema kusoma? Nani alimshonea sare, akamsuka, akagombana na mwalimu wa hesabu kwa ajili yake? Miaka kumi na moja huji, halafu unakuja Agosti, mtoto ana mtihani wa darasa la saba mwezi ujao, unaomba maji! Nilijiambia ngoja amalize mtihani kwanza. Nilijiambia huyu mama ameona mtoto ni mzima, amevaa vizuri, ameridhika, ndiyo maana alishuka kimya. Nimetunga sababu nyingi nzuri. Zote zilikuwa zinaishia na lori linaondoka alfajiri na mimi nafunga geti.

Halafu nikakumbuka homa zile. Nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda, kitambaa mkononi, mtoto anatetemeka, na panga langu liko nyuma ya mlango halijakauka utomvu. Nilikuwa namwombea Mungu amponye. Sikuwa nimemwahidi Mungu kwamba mwakani sitakata.

Nampenda Neema. Nataka hilo liandikwe mahali, na liandikwe na mimi. Ninaogopa kwamba nikimwambia nitabaki na nyumba hii na waridi.

Leo saa saba mchana hivi alirudi kutoka kanisani, na ua la murinzi mkononi, kubwa, jekundu sana. Hakuniuliza kichwa kinaendeleaje. Aliuendea mti, akatafuta ufa kwenye fundo moja, akalichomeka ua pale.

"Na wenyewe ufanane na wenzake," akasema, akaenda jikoni.

Nilikaa dirishani nikilitazama ua lile mpaka likanishinda. Nikatoka kwenda kulitoa. Na pale chini yake, ndani ya fundo lenyewe, kwenye gome gumu ambalo nimelikata mwaka hadi mwaka, nikaona kitumba. Kidogo, cha kahawia, kina manyoya. Nikatazama fundo la pili, na la tatu, yale aliyoyashika yule mama siku ya Ijumaa. Kila moja lilikuwa na chake. Mafundo ambayo hakuyashika hayakuwa na kitu.

Kitumba hakitoki mahali kama pale. Nimefundisha hilo ubaoni.

Nikarudi hadi kizingitini, na mkono wangu ukaenda wenyewe nyuma ya mlango, panapokaa panga. Nilikuwa nimeshalishika mpini kabla sijajua ninafanya nini. Nikasimama hivyo, panga mkononi, natazama mti na kumsikiliza Neema akiimba wimbo wa kwaya huku anaosha vyombo. Kisha nikapanda kwenye kiti nikalisukumiza panga juu ya kabati, mbali, mahali ambapo nitahitaji kuomba mtu anisaidie kulitoa.

Nikakaa nikaandika haya.

Sasa ni saa kumi na moja. Jua bado lipo, na kwa Mama Deo ni kuvuka njia tu. Bado nina jambo moja la kufanya, na nimelizunguka kurasa zote hizi.

Jina alilonitajia yule mama ni Uwera. Sijawahi kulitamka, hata nikiwa peke yangu shambani. Nilidhani nikilinyamazia litakufa lenyewe.

Nimeweka kalamu chini nikaliita. Si kwa sauti kubwa. Neema alikuwa jikoni, mgongo kwangu, mikono ndani ya beseni.

"Abee, mama."

Amekuja anafuta mikono kwenye kanga, amesimama mbele yangu, anasubiri. Hakuuliza ninamwita nani.

Nimemwambia avae viatu.